Mpe Joto Kwanza, Rehema

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi kutoka kwangu na kwa wote hapa nyumbani. Sisi hatujambo, na natumaini nanyi mu wazima. Nakuandikia kwa haraka kuliko desturi yangu, kwa sababu picha za mjusi wako mwenye ndevu (bearded dragon) alizonionyesha Bakari zimeninyima raha, na zaidi ya picha ni habari kwamba kila akikataa kula unamfungua kinywa na kumlisha wadudu waliosagwa kwa bomba la sindano. Nakusihi uache hilo kwanza, angalau mpaka utakapomfikisha kwa daktari wa wanyama anayewajua wanyama watambaao.

Najua unafanya hivyo kwa huruma, maana hata mimi nilipomwona nilitamani ashibe siku hiyo hiyo. Mjusi mwenye ndevu aliye na afya huwa na vijimto viwili vya mafuta juu ya kichwa, nyuma ya macho. Kwa huyu wako mahali hapo pamebonyea, mifupa ya nyonga imechomoza, na shina la mkia limesinyaa. Macho nayo yameingia ndani na ngozi ya ubavuni imekunjamana, dalili ambazo mara nyingi ni za upungufu wa maji, wala si za njaa peke yake.

Lakini mwili wake, Rehema, hauna uwezo wa kujipasha moto wenyewe. Joto hulipata nje, na asipolipata tumbo halisagi chochote, hivyo chakula unachomsukumia kinaweza kukaa humo na kuchacha. Bakari anasema tangi unalomfugia lina taa moja ya kawaida katikati. Ikiwa ndivyo, basi simwoni kuwa mkaidi hata kidogo anapofumba kinywa. Mahali anapoota joto panatakiwa pawe na nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili pawe na baridi kiasi, nyuzi 24 hadi 28, ili achague mwenyewe. Pima kwa kipimajoto kilichowekwa pale pale anapolala, usikisie kwa kiganja.

Sambamba na joto anahitaji taa ya miale ya urujuanimno (UVB), kwa kuwa ndiyo inayoiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo hawezi kuitumia kalsiamu hata ukimnyunyizia kwenye chakula kila siku. Kumweka dirishani hakutoshi, kwa sababu kioo huzuia sehemu kubwa ya miale anayoihitaji. Taa hiyo nayo huchoka kabla ya kuzimika: macho yetu huona bado inawaka ilhali miale imekwisha, ndiyo maana wafugaji huibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12.

Maji mdondoshee tone moja moja kwenye ncha ya pua, naye atayalamba. Chakula kije baadaye, kidogo kidogo, kwa kipimo atakachokupa daktari, kwa maana mwili uliokonda sana ukijazwa chakula kwa ghafla, madini ya damu kama fosforasi na potasiamu huweza kushuka na mnyama akafa wakati anayemfuga anadhani anapona. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Atakapoanza kula, nyenje wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, wawe wamelishwa vizuri tangu siku iliyotangulia, na wanaobaki uwatoe kabla ya usiku kwa sababu humng'ata akiwa amelala. Vimulimuli asile kamwe. Hata mmoja anaweza kumuua.

Mama Zubeda, nasikia, amekushauri umpe dawa ya minyoo ya paka. Nampenda na ushauri wake mwingi nimeufuata, lakini kwa hili tafadhali usimsikilize. Chukua kinyesi kibichi ukipeleke kipimwe, kwani vimelea huenda vipo na huenda havipo, na dawa isiyo na kipimo juu ya mwili dhaifu hivyo ni hatari.

Sasa niambie: anatembea akiwa ameinua tumbo, au anajiburuta? Taya lake ni gumu ukiligusa, au linabonyea? Vidole vinatetemeka? Mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini? Sakafu ya tangi ni mchanga, na je, umewahi kumwona akiumeza? Aliyekupa alikuwa akimfuga peke yake au pamoja na mwingine aliyemnyang'anya chakula? Tena ana gramu ngapi? Mpime kwenye mizani ya jikoni asubuhi, uandike, halafu umpime tena kila juma.

Majibu mpe Bakari. Atakuletea kipimajoto changu kesho, nawe ukae nacho muda wowote utakaohitaji.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi