Gando la kaa na umri wa mkahawa

Mhariri,

Mkahawa wa samaki wa hapa pwani unapokufa pamoja na mwanzilishi wake, lawama huwaangukia watoto kwamba hawana moyo wa biashara. Mimi niliyeuza samaki Tanga kwa miaka mingi naona tusisahau kuitazama bahari yenyewe, na mfano wangu uko Miami Beach, Marekani.

Mwaka 1913 Joe Weiss, mzaliwa wa Hungaria aliyehama New York kwa sababu ya pumu, alianza kuuza chakula ufukweni hapo. 1918 yeye na mkewe Jennie wakanunua nyumba ndogo, wakaishi humo na kupanga meza barazani. Kaa hawakuwamo kabisa. Mnamo 1921 mtafiti wa viumbe vya baharini alimletea gunia la kaa wenye magando magumu kama jiwe, ambao hakuna aliyewathamini, naye akawatumbukiza katika maji ya moto. Ndio walioupa jina mkahawa, Joe's Stone Crab, ambao vizazi vya Weiss vimerithishana hadi kwa kitukuu.

Kaa huyo haliwi mzima. Mvuvi humng'oa gando lililotimiza kipimo na kumrudisha majini akiwa hai, aote jingine kadiri anavyojivua gamba. Jike mwenye mayai haguswi. Gando huchemshwa, hupoozwa, huvunjwa kwa nyundo na kuliwa baridi kwa mchuzi wa haradali. Sheria ya Florida sasa inaruhusu mavuno hayo kuanzia Oktoba 15 hadi Mei 1 tu, na kwa miaka mingi familia ile ilikuwa ikifunga milango majira ya joto, jambo ambalo mwenye mkopo wa benki anajua uchungu wake.

Mwezi uliopita, katika mkahawa mmoja wa ufukweni, niliwekewa pweza wa nazi ambaye mikono yake haikuzidi unene wa kidole changu cha mwisho, ilhali kanuni zetu zinakataza pweza asiyefika gramu 500. Mhudumu akaniambia, "Mzee, ndio waliopo." Wenzetu wa Kisiwa Panza, Pemba, wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue.

Naomba wenye mikahawa wathubutu kuandika ubaoni kwamba leo pweza hakuna, na maafisa uvuvi wapeleke mizani jikoni pia, wasiishie dikoni.

Muuza samaki mstaafu,
Tanga