Harambee ya Kijitabu cha Mwaka 1492

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanaparokia na majirani, sisi kamati ya vijana tunawaomba mtuchangie tuchapishe kijitabu cha kurasa 40. Kinaeleza walivyotendewa Wayahudi na Waislamu wa Hispania na watawala Wakristo, watu waliosali Baba Yetu hii hii tunayosali sisi.

Mzee mmoja wa jumuiya alituuliza kwa nini tunafukua makaburi. Tulimkumbusha kwamba Papa Yohane Paulo II, tarehe 12 Machi 2000, aliungama hadharani dhambi za wana wa Kanisa, zikiwemo zile dhidi ya Wayahudi. Mzee alicheka, akatoa mia tano.

Vijana wetu wakisikia 1492 wanamtaja Columbus, basi. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo Ferdinand na Isabella, mfalme na malkia wa Hispania, waliamuru kila Myahudi asiyebatizwa aondoke kabla Julai haijaisha. Dhahabu, fedha na sarafu, marufuku kutoka nazo. Andrés Bernáldez, padre wa wakati huo ambaye Wayahudi hakuwapenda hata kidogo, aliandika kwamba mtu alitoa nyumba akapewa punda, akatoa shamba la mizabibu akapewa kipande cha kitambaa. Mistari hiyo tuliisoma mara mbili kikaoni. Waliofaidi bei hizo walikuwa Wakristo waliobaki.

Waislamu wa Granada, mji wa kusini mwa Hispania, walikuwa na mkataba kabisa. Walipokabidhi mji Januari 1492, waliahidiwa kwa maandishi kubaki na misikiti na sheria zao. Ahadi haikufikisha miaka kumi. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alianza kuwabatiza kwa nguvu na kuchoma vitabu vya Kiarabu (vya tiba aliviacha, vilimfaa). Mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wote wa Castile, sehemu kubwa ya Hispania, waliambiwa wabatizwe au wahame. Hata wazao wa waliobatizwa hawakuaminiwa: kati ya 1609 na 1614 walifukuzwa Hispania, takriban watu 300,000.

Nakala 500 kwa shilingi 120 kila moja ni shilingi 60,000. Mkononi tuna 22,500. Elfu mbili kati ya hizo zimetoka kwa mwalimu wa madrasa ya ng'ambo ya barabara, kwa sharti kwamba asome kwanza tulichoandika. Tumempelekea.

Sadaka ya pili Jumapili ijayo ni ya kazi hii. Ambaye hatakuwepo ampe mweka hazina wa jumuiya yake, adai risiti. Na asiye na pesa lakini ana jicho kali, aje Jumamosi saa nane ukumbini: sura ya Granada bado haijasahihishwa.