Kabla hamjaanika godoro lake nje, msikilizeni anavyolala

Wanangu mnaolea,

Nawaandikia mimi bibi yenu, muuguzi mstaafu, kwa sababu bado naona magodoro yakianikwa mbele ya nyumba ili mtaa mzima umjue kikojozi. Hata mimi nililianika la mjukuu wangu akiwa na miaka 7, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Usiku mmoja nililala naye. Alikoroma kama mtu mzima, mdomo wazi, shingo kaikunja nyuma, fulana imelowa jasho. Mara kimya. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Nikahesabu mpaka kumi ndipo akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akalala tena. Alfajiri shuka lilikuwa chepechepe.

Daktari wa masikio, pua na koo alimkuta na nyama za puani na mafindofindo makubwa. Njia ya hewa ikiziba usingizini, mtoto hulazimika kuvuta pumzi kwa nguvu nyingi. Mvuto ule wa kifuani huutanua moyo, nao hufanya kana kwamba mwili umezidiwa maji: hutoa homoni inayoziambia figo ziyapunguze. Kibofu kinajaa usiku wa manane, na mtoto aliyechoshwa na kugombania hewa hasikii mkojo ukimbana. Sasa fimbo itamfundisha nini huyu?

Sisemi kila kikojozi ana tatizo la kupumua. Chini ya miaka 5 ni kawaida, wengine wamerithi kwa baba au mama, na hata choo kigumu hukibana kibofu. Ila aliyekaa miezi 6 bila kukojoa kitandani kisha akaanza upya, mpelekeni apimwe mkojo na sukari; akiwa anakonda na kunywa maji kupita kiasi, aende siku hiyohiyo.

Nanyi mnaokimbilia kwa wakata vimeo, nawaomba sana muache. Kimeo hakina kosa hapa, na wodini nimewapokea watoto wakivuja damu kwa wembe huo.

Mtoto akikoroma karibu kila usiku, mrekodini kwa simu dakika chache, mkamwonyeshe daktari. Wa kwangu alifanyiwa upasuaji, na baada ya miezi michache asubuhi nyingi akawa anaamka mkavu, ingawa si zote. Kwa zile zilizobaki tulitandika plastiki chini ya shuka, tukabadilisha kimyakimya, na godoro halikutoka nje tena.

Bibi yenu