Wadau, kuhusu kile kipande cha Halifax

Habari za jioni wadau. Kile kipande cha bati kwenye picha ya jana msikiite skrepa jamani, Halifax (ndege za mabomu za Uingereza za Vita Kuu ya Pili) zilitengenezwa zaidi ya 6,000 lakini ile iliyoko makumbusho ya Elvington, Yorkshire, bodi yake imeanzia kwenye kipande kilichokuwa banda la kuku kisiwa cha Lewis huko Scotland, yaani kuku wanataga ndani ya ndege ya mabomu 😂 na mabawa wakachukua ya ndege nyingine, Hastings. Stirling, ndege nyingine ya mabomu ya vita hiyohiyo, ndo balaa zaidi, hakuna hata moja nzima iliyobaki duniani, kwahiyo ukikuta hata kibanda cha shambani kina bati lenye ribiti zimepangwa mstari piga picha, moja ya mbali moja ya karibu, na utafute namba zilizogongwa. Rangi msikwangue!! Mimi mwaka jana nilisugua kipande na brashi ya waya namba ikaondoka nayo, mpaka leo inaniuma. Na pale ndege ilipoangukia hapa Uingereza msichimbe, sheria ya 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi inataka kibali cha Wizara ya Ulinzi. Tunakutana Jumamosi saa 4 asubuhi stesheni, njooni na buti, kule tunakoenda ni tope tupu.