Kabla hujang'oa ekseli ya pikapu yako, tufungue difu kwanza

Mteja anaingia na pikapu kuukuu ya 4x4. Gurudumu moja la nyuma limelowa oili, difu (sanduku la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu) inalia kila akifika mwendo wa kilomita 60, na hata salamu hazijaisha: "Fundi, nimepata ekseli nzima ya gari kubwa zaidi, nataka tuifunge." Tunamwambia aiache kwanza huko iliko. Sisi tunaanza kwa kumwaga oili ya difu aliyo nayo.

Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi chanzo ni tundu la kupumulia lililoziba: difu ikiwa ya moto ukaitumbukiza mtoni, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili usikutishe. Kipande cha jino ndicho cha kutisha. Ila beringi, sili, hata krauni na pinyoni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu) vilivyolika vinabadilishwa ndani ya ekseli hiyo hiyo, na wateja wetu wengi huishia hapo, ingawa kazi ya kufunga ekseli nyingine ingetulipa zaidi.

Shafti, yaani chuma kirefu ndani ya ekseli kinachozungusha gurudumu, ikikatika usiitupe. Tuletee vipande vyote viwili. Meno ya mwisho wa shafti yakiwa yamejisokota kama kamba, ilizidiwa nguvu. Lakini ukiona mkato ni bapa, una mistari ya duara kama kisiki cha mti, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyochanika vibaya, jua ufa ulianza zamani kwenye kutu au mkwaruzo ukawa unatembea taratibu. Mwenye shafti ya namna hiyo anahitaji shafti mpya, basi. Aliyesokota meno, tena kwa mara ya pili au ya tatu, ndiye tunayekaa naye kuzungumzia ekseli kubwa.

Wengi hushangaa nguvu hiyo inatoka wapi kwenye injini ndogo. Chukua injini yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 200 (nyutonimita), gia namba moja yenye uwiano wa 4, gia nzito ya 4x4 yenye 2.5 na difu ya 4.1. Zidisha: Nm 8,200. Ukiwa umefunga loki ya difu (inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja), na gurudumu moja limeng'ang'ania mwamba huku mengine yakiteleza, sehemu kubwa ya hizo inapita kwenye shafti moja. Tairi kubwa huongeza balaa.

Sababu nyingine tunayoikubali ni mzigo. Kwenye pikapu nyingi nyepesi, shafti ya nyuma inazungusha gurudumu na wakati huo huo inabeba uzito wa gari. Ikikatika upande wa nje, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Kwenye ekseli za kazi nzito, uzito hukaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yenye beringi mbili, shafti inazungusha tu. Utaitambua kwa duara la bolti katikati ya rimu: unazifungua, unachomoa shafti, gurudumu likiwa bado limekanyaga chini. Kwa anayepakia mpaka springi zinalala, hapo hatubishani.

Ukishaamua, hesabu ya difu ndiyo inayowaponza watu. Krauni yenye meno 41 na pinyoni yenye meno 10 ni 4.1, na ya mbele lazima ilingane na ya nyuma. Ukifunga 3.7 nyuma ukaacha 4.1 mbele, siku utakayoingiza 4x4 kwenye ardhi kavu ekseli zitavutana hadi kitu kikatike. Na kama umetoka tairi za inchi 31 kwenda 35, 4.1 inakuwa ndefu mno. Kurudisha mvuto uleule unahitaji kama 4.63. Seti zinazopatikana karibu na hapo ni 4.56 na 4.88. Kwa gari la mzigo tunachagua 4.88.

Tumewahi kuletewa ekseli ya mbele safi kabisa, kumbe kichwa cha difu kiko kulia na gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inatoa propela (shafti ya kwenda kwenye difu) kushoto. Ikarudi ilikotoka. Breki nazo: kalipa kubwa (kibano cha breki gurudumuni) kwa masta silinda ndogo (pampu ya pedali), pedali inazama. Halafu kuna matundu ya rimu, kebo ya hendibreki, na vikalio vya springi vinavyochomelewa upya kwa pembe sahihi, la sivyo propela itatetemeka. Kutoa mfumo wa mbele wa mikono huru (kila gurudumu likicheza peke yake) na kuweka ekseli nzima ni kazi nyingine kabisa, inagusa usukani na fremu, na hiyo tunaikagua peke yake.

Ukija, tuambie ukubwa wa tairi, mzigo unaobeba na mahali unapopita. Ekseli uliyoiona usiilipie bado. Ipige picha kwa mbele na kwa nyuma, kisha upime kutoka uso wa habu moja hadi uso wa habu ya pili, utuletee kipimo hicho.