Dawa mpya ya saratani ya mapafu haifai kitu bila kinyama cha kupima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme juu ya jambo linalonisumbua kila ninaposoma, katika magazeti yetu na katika jumbe zinazosambazwa kwa simu, kwamba dawa mpya ya saratani ya mapafu imepatikana. Habari hizo aghalabu si za uongo. Kasoro yake ni kwamba hutaja kidonge na kukiacha kipimo, ilhali utafiti uliofanywa tangu mwaka 2004 umeonyesha kwamba bila kipimo kidonge hichohicho kinaweza kumpotezea muda mgonjwa ambaye hana muda wa kupoteza, tena baada ya ndugu zake kuuza shamba ili wakinunue.

Nimestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika maabara ya patholojia, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukata vinyama, yaani vipande vidogo vinavyotolewa mwilini mwa mgonjwa ili vipimwe. Kinyama cha pafu kilichotolewa kwa sindano huwa kama kipande cha uzi wa kushonea, cheupe, ambacho mara nyingi hakizidi urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hulowekwa kwenye fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia, hukaushwa maji kwa spiriti, huzamishwa katika nta ya parafini, kisha nta hiyo ikiganda hukatwa kwa mashine kuwa utando mwembamba sana unaoelea juu ya maji ya uvuguvugu, nasi tukaudaka kwa kioo. Asiyeifahamu kazi hii hajui kwamba kila mashine inaposawazisha uso wa nta, chembe za mgonjwa zinakwenda na mabaki kwenye pipa la taka. Ukikata mara tatu kwa sababu daktari aliongeza ombi moja baada ya jingine badala ya kuagiza yote kwa pamoja, unaweza kufika mahali ambapo jina la ugonjwa limepatikana lakini hakuna kilichobaki cha kupima jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli.

Kwa nini jeni? Mwaka 2004 watafiti wa Boston na wa New York walieleza kwamba wagonjwa wachache waliokuwa wakipata nafuu isiyo ya kawaida kwa vidonge vya saratani ya mapafu viitwavyo gefitinibu walikuwa na mabadiliko katika jeni iitwayo EGFR, ambayo kazi yake ni kutengeneza kipokezi kilicho kwenye utando wa seli, kinachopokea ishara ya kuiamuru seli igawanyike. Jeni hiyo ikibadilika katika sehemu fulani, amri haikomi, mithili ya swichi iliyonasa taa ikawaka usiku na mchana. Kidonge huizima swichi hiyo. Kama saratani ya mgonjwa haikutokana na swichi hiyo, kidonge hakina cha kuzima.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulitolewa mwaka 2009 na utafiti ujulikanao kama IPASS, ulioongozwa na Profesa Tony Mok wa Hong Kong. Wagonjwa 1,217 wa Asia, ambao hawakuwahi kuvuta sigara au walivuta kidogo wakaacha, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapewe gefitinibu na wengine dawa za kawaida za dripu. Miongoni mwa waliokuwa na mabadiliko ya EGFR, uvimbe ulisinyaa kwa watu 71 katika kila 100 waliomeza kidonge, na kwa watu 47 katika kila 100 waliotundikiwa dripu. Miongoni mwa wasiokuwa na mabadiliko hayo mambo yalipinduka: kati ya watu 91 waliopewa kidonge, uvimbe ulisinyaa kwa mtu mmoja peke yake, hali dripu ilimsaidia karibu mmoja katika kila wanne. Kidonge ni kilekile, ugonjwa kwa jina ni uleule, na wagonjwa kwa sura huwezi kuwatofautisha.

Katika utafiti huo kuna hesabu nyingine ambayo waandishi huiruka, nami kama mtu wa maabara ndiyo iliyonigusa zaidi. Kati ya watu hao 1,217, walioweza kupimwa EGFR na jibu likapatikana walikuwa 437 tu. Wengine hawakuwa na sampuli au sampuli yao haikutosha. Huo ulikuwa utafiti wenye fedha na wataalamu. Basi tujiulize hali ikoje pale ambapo chupa ya kinyama husafiri kwa basi, imefungwa kwa mfuko wa rambo, na kufika maabara baada ya wiki tatu. Nimezipokea chupa za namna hiyo. Fomalini ambayo haikuwekewa kemikali ya kuidhibiti asidi yake, au kinyama kilichoachwa humo kupita siku tatu, huweza kumwachia mpimaji vinasaba (DNA) vilivyokatikakatika; kwa hadubini saratani utaiona vizuri, ila jeni haisomeki.

Historia ya gefitinibu yenyewe ni fundisho. Marekani iliiidhinisha mwaka 2003 bila kujali jeni, ikaibana mwaka 2005 baada ya jaribio kubwa kushindwa kuonyesha kwamba inarefusha maisha, kisha mwaka 2015 ikaidhinisha upya, safari hii kwa wenye mabadiliko ya EGFR pekee. Dawa haikubadilika katika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni kujua nani apewe. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 liliingiza erlotinibu, ambayo ni dawa ya ukoo huohuo, katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wenye mabadiliko hayo. Nchi inayoagiza kidonge bila kujenga uwezo wa kupima imenunua nusu ya tiba, tena ile nusu isiyojitegemea.

Wapo watakaosema siku hizi kuna kipimo cha damu. Ni kweli, kipo, na Marekani iliidhinisha cha EGFR mwaka 2016. Lakini jibu la damu likisema hakuna mabadiliko haliaminiki moja kwa moja, kwa kuwa baadhi ya uvimbe hautoi vinasaba vya kutosha katika damu, na daktari hurudi kuomba kinyama kilekile.

Sasa niseme juu ya TB, kwa sababu huko ndiko wagonjwa wetu wengi wanakopitia. Mtu anakohoa, anakonda, picha ya kifua ina doa, makohozi hayaonyeshi vijidudu, naye anaanzishiwa dawa za TB kwa kukisia. Sina ugomvi na madaktari wanaofanya hivyo, maana katika nchi yenye TB nyingi kukisia huko kumeokoa watu. Ugomvi wangu ni na mwezi wa nne na wa tano wa matibabu, pale mgonjwa haongezeki hata kilo moja na bado anaambiwa amalize dozi. Shemeji yangu alimaliza dozi. Kinyama chake kilipochukuliwa hatimaye, maji yalikuwa yamejaa upande mmoja wa kifua na hakuweza kulala chali ili achomwe sindano. Alichomwa akiwa ameketi, ameegemea mto uliowekwa juu ya meza. Hakuwahi kuvuta sigara maisha yake yote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeifikiria saratani, mimi nikiwa wa kwanza.

Wanaodhani kwamba utafiti wa saratani za kifua ni mambo ya Ulaya na Marekani tu wakumbuke Kimberley, Afrika Kusini. Katika miaka ya 1950 Daktari Sleggs, aliyekuwa akisimamia hospitali ya TB ya mji huo, aligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wenye maradhi ya utando wa mapafu hawakuwa wakipata nafuu kwa dawa za TB, na kwamba wengi wao walitoka upande wa magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya buluu. Mpatholojia Wagner alipima vinyama, daktari wa upasuaji Marchand akawa wa tatu wao, na mwaka 1960 walichapisha maelezo ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando huo, ambayo wakati huo baadhi ya wataalamu walikuwa bado wanabishana kama ipo. Baadhi ya wagonjwa hao hawakuwahi kushika sururu mgodini. Waliishi jirani tu, au walicheza utotoni penye vumbi la machimbo. Sheria za kupiga marufuku asbesto katika nchi nyingi zina mizizi katika kazi hiyo, iliyoanzia kwa daktari aliyekataa kuridhika na neno TB.

Uvimbe adimu una shida yake ya pekee: hakuna hospitali moja inayoona wagonjwa wa kutosha. Chukua thaimoma, uvimbe wa tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Nakumbuka chupa iliyoandikwa "uvimbe wa kifua, TB?" iliyotoka kwa mama ambaye kope zilimlegea kila jioni na vitu akawa anaviona viwili viwili, alikuwa amekwisha kuandikiwa miwani mara mbili. Karibu theluthi moja ya wenye uvimbe huo, au zaidi, huwa na udhaifu wa misuli wa aina hiyo, kwa sababu kinga ya mwili imegeuka kuushambulia mwili wenyewe. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba aina fulani za thaimoma, zile zisizo kali sana, mara nyingi zina badiliko katika jeni iitwayo GTF2I, ambalo halikuwa likijulikana katika saratani nyingine. Kwa upande wa saratani kali ya tezi hiyo, utafiti wa dawa ya kuchochea kinga ya mwili iitwayo pembrolizumabu uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuwa na wagonjwa 40. Tisa walipata nafuu ya kuonekana kwenye picha. Sita walipata madhara makali ya kinga, na wawili kati yao moyo ulivimba. Kwa uvimbe wa namna hii, 40 ni watu wengi, na kila mmoja aliyeandikwa ana thamani. Mama yule sijui kama aliandikwa popote zaidi ya daftari letu la mapokezi, ambalo kwa bahati mbaya mchwa walilifikia.

Ninachoomba, Mhariri, hakihitaji mashine ya mabilioni kwa kuanzia. Fomalini iliyodhibitiwa ipelekwe hospitali za mikoa ikiwa tayari kwenye chupa, na chupa iandikwe saa na tarehe kinyama kilipoingizwa humo. Fomu ya kuomba kipimo iwe na mstari unaomwambia mkataji kwamba jeni zitapimwa, ili abakize kitu. Vipande vya nta visitupwe kwa kisingizio cha kukosa nafasi, kwani mgonjwa anayerudi baada ya miaka miwili anaweza kuhitaji kile cha zamani kilinganishwe na kipya. Dawa za EGFR kama gefitinibu na erlotinibu, saratani huzizoea zikaacha kufanya kazi, mara nyingi kabla au baada kidogo ya mwaka mmoja, na ni kinyama au damu vinavyoonyesha ni badiliko gani jipya limejitokeza. Na uvimbe wowote adimu wa kifua uandikwe katika daftari moja la taifa, hata kama kwa mwaka watapatikana wanane.

Kwa upande wenu waandishi, ombi ni dogo zaidi. Kila mtakapoandika juu ya dawa mpya ya saratani ya mapafu, ongezeni sentensi moja inayosema ni ya wenye badiliko gani la jeni na hupimwaje. Kama mwandishi wako angependa kwanza kuona kinyama kikiwa ndani ya nta kinavyofanana, kile kikata-nta changu cha zamani bado ninacho hapa nyumbani, na milango iko wazi siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako,
Mstaafu wa maabara ya patholojia,
Tanga