Okteva si sheria ya muziki wote

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani kuhusu matarumbeta ya harusi ilinifurahisha mpaka nilipofika pale mwandishi anapotangaza kwamba muziki wote duniani hujirudia kwenye okteva (pengo la kutoka do hadi do inayofuata juu yake), na anayekwenda kinyume anapiga kelele tu. Mimi ni mpuliza klarineti katika kundi la matarumbeta hapa Mwanza, nimepanda pikapu za maharusi kutoka Igoma hadi Ilemela, na chombo changu chenyewe kinambishia.

Ashike klarineti, azibe tundu la gumba na matundu matatu ya mkono wa kushoto, apulize. Tuseme hiyo ni do. Sasa asibadilishe kidole chochote, ila abonyeze kile kitufe cha gumba kinachopandisha sauti. Saksafoni ingeruka hadi do ya juu. Klarineti inaipita hiyo do na kutua kwenye so iliyo juu yake. Bomba lake lina upana ule ule karibu urefu wote, na upande wa mdomo ni kama limezibwa, kwa hiyo mtetemo unaofuata ni mara 3 ya ule wa chini, si mara 2. Vijana ninaowafundisha huilaani sana tabia hii, maana vidole vile vile vina jina moja chini na jina lingine juu.

Okteva ni hiyo mara 2: mitetemo 220 kwa sekunde inakuwa 440. Kinanda cha kwaya huigawa vipande 12 sawa, kila kimoja senti 100, kama wapimaji wa sauti wanavyoita. Lakini nani alikataza kugawa pengo lingine? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Mjerumani Heinz Bohlen aligawa pengo la mara 3 katika vipande 13. Kees van Prooijen wa Uholanzi na John Pierce wa Marekani (ndiye aliyelibuni jina la transista) nao walifika hapo hapo, kila mtu kwa njia yake. Pierce ilikuwa mwaka 1984. Leo ngazi hiyo ya sauti inaitwa skeli ya Bohlen-Pierce.

Kila hatua yake ni senti 146 na ushee. Ukianzia 220, hatua ya 13 inakufikisha 660, na njiani hiyo 440 huikuti: hatua ya 8 inaishia senti 30 chini yake, ya 9 imeshaipita mbali. Badala ya do-mi-so, sauti tatu zinazopigwa pamoja kwa uwiano wa mitetemo wa 4:5:6, nguzo yake ni sauti tatu za 3:5:7. Kwa klarineti ni nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake, na Stephen Fox, fundi wa Kanada, ametengeneza klarineti za skeli hiyo. Wendy Carlos naye, mwanamuziki wa Marekani, mwaka 1986 alitoa albamu yenye skeli zake mwenyewe. Mojawapo ina hatua za senti 78, yaani pengo la do hadi so limekatwa karibu vipande 9.

Asiye na klarineti aende mwaloni Kirumba anunue mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, aukaze juu ya ubao, sentimita 60 toka kigingi hadi kigingi. Nusu toni ya kinanda, yaani kipande kimoja kati ya vile 12, angeibana sentimita 3.4 kutoka mwanzo. Hatua ya kwanza ya skeli hii ni 4.9. Urefu uliobaki augawe kwa 1.088 apate alama inayofuata, hivyo hivyo mpaka ya 13, ambapo zitabaki sentimita 20. Mimi nimeutengeneza. Mama watoto aliuliza nani ananyonga paka. Ila nilipokaza mishipi mitatu na kuipiga pamoja kwa 3:5:7, alitoka jikoni akasema hiyo irudie.

Siwezi kumpigia bibi harusi skeli hii, nakiri. Wimbo wa skeli hiyo bado ni mgeni masikioni mwangu. Lakini ugeni si kelele. Walimu wa kwaya wanasoma gazeti lenu na kuyapeleka maneno yake mazoezini, kwa hiyo naomba sentensi ile isahihishwe: paliposema “muziki wote” pasomeke “muziki mwingi”.

Mpuliza klarineti,
Nyakato, Mwanza.